Safu ya Kadi Nyeupe

Olasiti,
Arusha.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu nilipoondoka Urambo.

Mpendwa dada Mwanamkuu,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, ila mgongo na miguu tu. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mama je, bado anatoka mwenyewe kukaa uani, au mpaka ashikwe mkono? Na shemeji, miche ya tumbaku ameshaihamishia shambani? Huku inanyesha kila asubuhi. Wiki nzima mlima hatujauona, na nguo hazikauki.

Usiucheke mwandiko. Tangu nilipoachia shule darasa la tano sijaandika barua ndefu, lakini hili lako niliona siwezi kulimaliza kwa simu.

Mwanzoni mwa mwezi uliniambia ndoa ya Rukaiya ni Ijumaa tarehe 20 Desemba, baada ya swala. Ukasema kwa kuwa sitapata ruhusa, niandike kwa mkono wangu kwamba namwachia mdogo wetu Omary awe walii, amwozeshe mwanangu badala yangu, ili shehe aone. Nilikujibu sawa. Simu ilipokatika nilikaa juu ya boksi, dada, mpaka nilipoitwa kupakua mzigo. Nina mtoto mmoja tu, na mama yake hayupo tena duniani.

Kazi yangu unaijua nusu. Nilikuambia nabeba maboksi ya madaftari katika duka la steshenari mjini, na ni kweli. Sikukuambia kwamba tangu mwezi wa nane tajiri wangu, Mama Ndeshi, alinipa na stendi ya kadi. Ni ya waya, ndefu kunizidi, inazunguka. Huku watu wanapeana kadi kwa kila jambo: mtoto akizaliwa, akimaliza shule, mtu akiugua, akioa, hata akifiwa. Kwetu mtu akifiwa unakwenda unakaa naye. Lakini wengi wa hapa ndugu zao wako mbali, kama mimi nilivyo mbali nanyi.

Ukiiona utadhani ni kazi ya kukaa. Mteja anachomoa kadi, anaisoma, anairudisha anapotaka yeye. Kadi ndogo inabaki na bahasha kubwa. Watoto wanaizungusha stendi mpaka kadi zinamwagika. Jioni, nikiwa nimebeba maboksi kutwa, nainama naokota moja moja, natafuta kila kadi na bahasha yake, nafuta vumbi. Mgongo wangu umeharibiwa na kuinama kuliko kubeba.

Na msimu mbaya ndio huu. Kidato cha nne wako kwenye mitihani, Wakristo wana vipaimara vya watoto wao, halafu inakuja Krismasi. Ndiyo maana Mama Ndeshi alikuwa amekataza mtu yeyote wa dukani kusafiri mpaka mwaka mpya. Nilipomwambia binti yangu anaolewa, akasema, “Pole sana, Baba Rukaiya, lakini stendi nitamwachia nani?” Nikarudi kuokota kadi zangu.

Sasa sikia kilichotokea.

Yaliletwa maboksi ya kadi zenye picha za watoto waliovaa nguo nyeupe, wameshika mishumaa. Siku zote Irine, binti wa mauzo, ndiye huniambia ipi iende wapi, maana nyingi ni za Kiingereza, na yeye ni mtu wa kanisani. Siku hiyo alikuwa mgonjwa. Nikapanga mwenyewe. Weupe wote nikauweka pamoja, safu moja toka juu mpaka chini, na zile zenye dhahabu kidogo zikakaa katikati. Dada, zilipendeza. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kuzitazama. Siku hiyo nilijisikia mtu.

Akaja Mama Ephraimu wa Kimandolu, kununua kadi za watoto wa kipaimara wa usharika wake wa Kilutheri. Akaitazama ya mbele, akaipenda, akachukua safu nzima bila kupekua. Mimi ndiye niliyemfungia.

Jumatatu iliyopita akarudi, khanga kaikaza kiunoni kama anakwenda kulima. Akazimwaga kadi mezani. Nusu yake zilikuwa za komunyo ya Wakatoliki, Bikira Maria pembeni na rozari chini. Na majina ya watoto yalishaandikwa, na kadi zilishagawiwa nje ya kanisa, ikabidi azikusanye upya. Mjukuu wake alifungua ya kwake mbele ya babu yake, ambaye ni mzee wa kanisa, na babu akauliza watoto wamehamishwa dhehebu lini.

“Nani kazipanga hizi?”

“Ni mimi, mama.”

“Wewe baba, rozari huijui?”

“Naijua tasbihi, mama. Nikajua na nyie mnayo ya kwenu.”

Duka zima likacheka, hata yeye akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Mama Ndeshi hakucheka. Anasali usharika mmoja na yule mama. Akampa kadi nyingine, akamwomba radhi, na alipoondoka akanigeukia: “Stendi mwachie Irine. Wewe rudi kwenye maboksi yako.”

Niliumia, sikufichi. Ile stendi nilikuwa nimeizoea pamoja na mgongo wake. Nikawa nabeba maboksi bila kuongea na mtu, mpaka Koikai, mlinzi ninayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza yote. Akanitazama kama anayetazama mbuzi aliyekwama kwenye uzio ulio wazi.

“Si alikunyima ruhusa kwa sababu ya stendi?”

“Ndiyo.”

“Sasa stendi unayo?”

Juzi Ijumaa nilipotoka msikitini nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ndeshi. Nikamwambia maboksi ya mwisho ya Krismasi yanaingia tarehe 14, baada ya hapo sina cha kubeba, na kadi amenikataza. Akaniangalia.

“Kumbe ulishalipanga hili.”

“Mama, ningekuwa najua kupanga, yule bibi asingekuja na khanga kiunoni.”

Hapo ndipo alipocheka. Akasema, “Nenda kamwozeshe mwanao.” Kisha akachomoa kadi moja ya harusi, yenye maua tu, akaikagua mbele na nyuma, akampa Irine naye akaikagua, ndipo wakanipa nimletee Rukaiya.

Kwa hiyo dada, ile barua uliyoniomba siiandiki. Umepata hii badala yake. Mwambie Omary asinune. Najua ameshashonesha kanzu. Aivae, akae kulia kwangu awe shahidi. Na shehe aambiwe walii yupo, anakuja.

Mwandae Rukaiya asishtuke akiniona. Nimekonda, na mvi zimeshuka mpaka kwenye ndevu. Nimechoka, dada, lakini huu si uchovu wa kunizuia njiani.

Nisalimie shemeji, Omary na mkewe. Mama msomee ile sehemu ya tasbihi, najua atacheka. Mwenyezi Mungu aliponye goti lako, amtunze mama mpaka nifike, na amjalie Rukaiya nyumba yenye utulivu. Wewe uliyemlea mwanangu, mimi sina cha kukupa kinachotosha.

Natoka hapa Jumanne tarehe 17 Desemba alfajiri, nalala Tabora, na Jumatano mchana niko Urambo. Msije wengi stendi ya basi. Mtume Rukaiya peke yake, nitembee naye mpaka nyumbani angali wangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa hoi,

Najim