Kobe Chini ya Nyasi Bandia

Nélida shoga, nimejifungia chooni nacheka mpaka machozi!!

Si unaujua uwanja wa mpira wa nyasi bandia aliotandika Fabricio uani mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali? Leo kauzindua. Anataka kupiga penalti, nyasi zikatutumka mbele yake. Halafu tuta LIKATEMBEA.

Tuta linatembea, Nélida!!

Kumbe Remedios, yule kobe wa mama mkwe! Si hujifukia ardhini kila msimu wa baridi, akalala mpaka joto lirudi? Na huyu mume wangu kamwapia mama yake eti katorokea kwa jirani!

Mama mkwe kachukua kisu cha nyama choma, kauchana uwanja katikati. Kobe katoka, mzima kabisa.

Fabricio karibu alie: "Mama, uwanja wangu!"

"Nawe jifukie hapohapo," kamjibu, "uamke mwakani."