Debe Lisione Chini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua usiku kucha. Ukuta wa jikoni unatoa jasho, na debe la unga limeuegemea. Nimemwaga mfuko mpya wa ngano kutoka soko la Nakawa juu ya unga wa zamani, kama ilivyo desturi ya nyumba hii. Mama mkwe, Mama Kaltumi, alisimama mlangoni kuhakikisha sikwangui.
"Mutu iko safari, debe hapana ona chini!"
Kwetu Gulu debe likiisha linaoshwa. Lakini Mama Kaltumi alifanya hivi baba mkwe alipokuwa jeshini, na baba mkwe alirudi. Sasa anafanya kwa ajili ya mwanawe, mume wangu Ramathan. Lori lake limeingia Kongo tangu Krismasi, na simu kimya. Aliahidi Idi atakuwa nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi
Nimechunga unga. Wadudu weusi, mabonge, na vitu kama utando wa buibui. Harufu pia — ya nini? Mafuta ya kukaangia ya mwaka jana? Siku nyingine ningegusisha ncha ya ulimi tu. Uchungu ukiwepo, ulimi hausemi uongo. Lakini tumefunga, mimi na Mama. Mdomo umefungwa na pua imeshazoea. Nikapika hafukeki zangu za kuuza, zile keki ngumu za kukaanga, hivyo hivyo. Bwege mimi!

Ijumaa, 14 Machi
Nabwire, anayewauzia wanafunzi hafukeki zangu pale chuoni Kyambogo, amerudisha ndoo nzima. "Nyabo, dada yangu, hii nini? Wanafunzi wanatema!" Akasema akiletewa tena za namna hii atatafuta mpishi mwingine.
Baada ya futari nimejaribu kumweleza Mama. Unga wa zamani ulioko chini ndio unaouharibu mpya. Tuumwage wote, tuoshe debe, tulianike. Aliweka kikombe chini.
"Abalo, wewe nataka kuzika mutoto yangu?"
Nikakusanya vikombe, nikatoka kuviosha.

Jumatano, 19 Machi
Nilinunua unga mwingine, nikauweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na ukuta, chini ya kitanda changu. Nimeenda kuchota maji, nimerudi — Mama ameshaumimina wote debeni! Eti debe lilikuwa limepungua sana, karibu lione chini.
Nimelia. Si kwa unga tu. Nikipika, uchungu. Nisipopika, Nabwire anaenda kwa mwingine. Sina pa kushika.

Jumanne, 25 Machi
Nabwire ameshapata mpishi. Sawa.
Jioni amekuja Oyugi, yule dereva Mkenya rafiki wa Ramathan. Alikataa kiti. Aliongea akiangalia viatu vyake. Lori ameliona Bunia, huko huko Kongo, linaendeshwa na mtu asiyemjua. Ramathan mwenyewe, kila aliyemuuliza hana habari. Mama akamshukuru vizuri tu, akaingia jikoni. Nikasikia mfuniko wa debe ukifunguliwa. Ukafungwa.
Sina tumaini tena. Naandika ili nilione limeandikwa.

Jumamosi, 29 Machi
Jua leo, baada ya wiki nzima ya mvua. Nimetoka kuoga nikamkuta Mama amelikokota debe peke yake hadi uani. Akalipindua juu ya shimo la takataka. Unga wa chini kabisa ulikuwa wa kijivu, umegandamana kama kipande cha sabuni. Harufu yake! Alinionyesha tu nishike upande wa pili, tukasugua mpaka chini pakang'aa.
Nilikuwa nimelitaka jambo hili mwezi mzima. Nilipoliona nilitamani anigombeze.
Kurudi ndani, nikakuta simu ilikuwa imelia tukiwa uani. Namba ya Kongo. Mara mbili! Napiga — haipatikani. Napiga tena — haipatikani. Nikamwambia Mama. Hakuuliza hata ni nani.
"Rudisha! Abalo, rudisha unga!"
Sasa yuko shimoni, amepiga magoti, anachota ule unga uliooza kwa viganja na kuutia debeni pamoja na maganda ya matoke. Mimi niko kizingitini, simu gotini, naandika ili nisipige kelele. Mara ngapi nimemwambia unga ule haufai hata kwa kuku! Kiganja kingine. Debe linayumba, hawezi kulishika na kuchota kwa pamoja —
Naenda kumshikia.