Kibuki cha Shangazi na Chupa ya Barasa

Jumanne, 5 Novemba 2024

Shangazi Khole bado hali. Eda imekwisha mwezi uliopita, tukadhani sasa atajirudi — wapi! Vijiko viwili vya uji, basi. Bangili zinamtoka zenyewe. Hospitali wamempima kila kitu: mzima. Mwanawe Harub analeta shekhe kila Ijumaa kumsomea. Shangazi anaitikia amin vizuri kabisa, halafu hali.

Leo kaja Bi Mahbuba, shoga yake tangu Unguja. Kamtazama, kasema dawa ya hospitali haifai kitu, huyu ni kibuki chake. Pepo wa Bukini! Alikuwa nacho tangu usichana, marehemu mumewe Saeed akakipiga marufuku. Sasa kina kiu. Kipewe brandi.

Brandi! Maskati! Na wote wawili wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa nafanya kazi hotelini Bustan. Mimi napokea wageni, sipokei chupa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwendea Barasa, Mkenya wa baa. Ana kibali cha kununua pombe, na hana maneno mengi. Brandi hana. Anayo chupa ya mvinyo mwekundu wa Kihispania, Rioja. Kauliza ni ya nani. Nikasema ya jini. Hata hakucheka! Kauliza jini mwenyewe anakula nini.

"Hii haitaki samaki wa kupaka, dadangu. Nazi itaimaliza. Choma mbuzi, ile mbavu iko na mafuta, na chumvi usiionee aibu. Jibini ngumu pia ni sawa. Ipoe kidogo tu, usitie friza."

Nimeizungushia kanga yangu ya kusalia. Mungu anisamehe. Njiani kuja Matrah askari kanisimamisha. Kumbe mkanda wa gari sikufunga! Nusura nikiri kila kitu.

Alhamisi, 7 Novemba

Harub yuko kazini Rusayl. Bi Mahbuba kafunga mapazia, kafukiza udi, kapiga muziki wa kibuki kwa simu — chini chini, jirani yetu imamu. Shangazi katikisika. Sauti ikawa nzito.

"Mmenipa nini? Hii si brandi!"

Bi Mahbuba kaomba radhi. Kibuki kikaonja. Kikalamba midomo. Kikaonja tena.

"Na hii inaliwa na nini?"

Wallahi, hivyo hivyo! Nikaleta mbavu za mbuzi. Kimekula mpaka mfupa ukawa mweupe. Kisha kikasema huyu mwanamke kalishwa chakula bila chumvi tangu Saeed apate presha. Saeed kazikwa, na bado mnamletea uji wa Saeed.

Nimelia. Ule uji naupika mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Shangazi kaomba chumvi. Anasema ya Alhamisi hakumbuki hata moja. Kasema hivyo uso mkavu kabisa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kibuki kimewahi leo, hata muziki haujaanza! Kimetaka jibini ngumu na pweza wa kuchoma kwa pilipili nyekundu. Kikalalamika kuwa chupa ya leo imekaa friza. Kweli, niliisahau humo! Nimemsimulia Barasa, kasema jini huyo kasafiri sana, kaonja mengi.

Mashavu ya Shangazi yanarudi. Harub anamshukuru shekhe.

Alhamisi, 21 Novemba

Bi Mahbuba ana mafua, hakuja. Hakuna udi, hakuna muziki. Chupa nimeiacha kabatini, nikamtengea Shangazi kondoo wa kuchoma na glasi ya maji. Kakaa na miwani yake puani. Kaitazama glasi. Kanitazama mimi.

Nikauliza kwa adabu zote kama kibuki kinakuja leo.

"Hakiji. Kishakwenda zake tangu ile Alhamisi ya mwanzo."

"Sasa wiki iliyopita, Shangazi, yule aliyetaka pweza..."

"Nawar. Miye Khole. Nenda kalete."

Nimekimbilia jikoni, naandika nimesimama, kizibuo mkononi. Gari la Harub hilo nje! Mbona mapema? Anabisha mlango. Anaita. Na Shangazi anamjibu, kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo sijaisikia tangu msiba:

"Ngoja hapo, mwanangu. Mama nnakula."