Maji ya Mgongo wa Mama

Jumatatu, 3 Juni 1957

Wazee watatu tu leo. Wengine wawili walitoroka kabla ya sindano — mmoja na blanketi la daktari mabegani! Adalbert, mwenzangu wa labo, alimkimbiza mpaka barabara ya Sake, akarudi mikono mitupu, anahema na kucheka. Hapa Goma sasa daktari wetu anaitwa Bwana Mugongo, kwa sababu anawachoma wazee mgongoni na kuwatoa maji. Amelisikia jina hilo. Halipendi.

Anachotafuta nimekwisha kukielewa, na tangu nikielewe situlii. Anasema wazee wanaosahau wana kitu katika damu, au katika maji ya uti wa mgongo, ambacho wazee wazima hawana. Alama ya kuonekana kwa macho, ndani ya chupa. Tukiipata tutamjua mtu atakayesahau kabla hajaanza kusahau. Basi mimi na Adalbert tunashinda labo: tunatia dawa, tunaangalia kama maji yanafanya wingu, tunachungulia mikroskopu mpaka macho yanawasha. Chupa ya anayesahau tunaifunga uzi mwekundu, ya mzima uzi mweupe.

Mpaka leo hakuna tofauti. Maji ni maji!

Jumatano, 5 Juni

Leo aliletwa mama Mukamugema, jirani yetu wa zamani. Kabla ya sindano kuna maswali, na maswali ndiyo yanayochagua uzi. Mimi ndiye mkalimani. Umezaa watoto wangapi? Hajui. Majina yao? Alinitazama, akaniita padri, akaomba baraka. Nilimbariki, ningefanya nini?

Kisha lile swali la tano, ninalolichukia: baba wa mume wako aliitwa nani? Hapo akajifunika mdomo kwa kitambaa na kunikasirikia kweli. Watoto wake amewasahau, lakini jina la baba mkwe halisemi!

Nikamweleza daktari tena. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Babu yangu mzaa baba aliitwa Munyakazi. Mama yangu kaolewa kabla ya njaa ya Rumanura, miaka arobaini iliyopita, na sijawahi kumsikia akisema neno "kazi". Anasema murimo, neno la kwetu. Hata Kiswahili cha sokoni anakizungushia hivyo hivyo, wauzaji wanamcheka.

Daktari akasema maswali yametoka Ulaya, hayabadilishwi. Sifuri. Wanawake wote wanapata sifuri hapo. Adalbert, ambaye ni Munande, kabila lingine, akanitania njia nzima: eti sisi watu wa Rutshuru tunawafunga wake zetu hata ulimi.

Jioni daktari aliniita. Wazee wazima hawaji, wanaogopa. Nimlete mama yangu. Wakimwona mama wa infirmier, muuguzi wao, amelala pale na kuamka, watamfuata. Nikasema nitamwuliza. Niliona haya kukataa.

Ijumaa, 7 Juni

Mama amekubali kabla sijamaliza kueleza! Ameuliza tu kama kuna chai. Tayari amemwambia kila mtu kwamba munganga mweupe anataka kuonyesha wengine mgongo wa mzee mwenye akili. Léoncie amenuna. Mke wangu akinuna, sufuria zinasema kwa niaba yake.

Nilimwambia nami nataka. Maji ya Mama yatakuwa safi, tutayaweka mbele ya mengine, huenda hapo ndipo tofauti itaonekana. Nilisema kwa majivuno.

Jumapili, 9 Juni

Pentekoste. Misa ndefu, padri alihubiri ndimi za moto na watoto wakalala. Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage uani, akaniuliza bila kuinua macho:

"Kazi yako inaenda namna gani, mwanangu?"

Nikajibu inaenda vizuri. Nikaendelea kuvua viatu! Ni Léoncie aliyesimama na mwiko mkononi, akinitazama. Hapo ndipo nikasikia.

Mama anachambua tu. Kijiwe huku, harage huku.

Jumatatu, 10 Juni

Ni ulimi tu umeteleza. Goma nzima inasema kazi, kazi, kazi, kutoka asubuhi mpaka giza. Mtu akiishi humo miaka mingi, neno litamtoka. Na Kiswahili si lugha aliyozaliwa nayo.

Jioni nilimchunguza kwa hila. Nikajifanya nimesahau watoto aliowazika kule Rutshuru. Akawataja wote, na ugonjwa wa kila mmoja, na nani alikuwa na kovu wapi. Nikamwuliza lava, ule moto wa mlima, iliposhuka mpaka ziwani, tulikuwa tunakaa wapi. Akajibu, akaongeza ni mbuzi gani aliungua. Kisha akacheka.

"We! Unaniuliza sawa polisi!"

Nikacheka naye. Nilikula vizuri, mara ya kwanza tangu jana.

Jumanne, 11 Juni

Amelitaja.

Alikuwa anamsimulia Léoncie mambo ya zamani, maziwa, ng'ombe, mambo ya kila siku. Akasema: "Munyakazi alikuwa anapenda maziwa ya moto." Hivyo tu. Kama mtu anayetaja jina la jirani. Hakushtuka, hakujifunika mdomo, akaendelea na ng'ombe.

Léoncie aliinamisha kichwa kama vile amemwona Mama uchi. Mimi nikatoka. Nilipita juu ya mawe meusi ya lava bila njia mpaka Kituku, ufukoni mwa ziwa, nikasimama kati ya wauza samaki bila kununua kitu, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepotelewa. Nilirudi viatu vimechanika.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa, na bado naogopa.

Jumatano, 12 Juni

Nimemdanganya daktari kwamba Mama ana mafua. Akasema vizuri, basi Ijumaa.

Léoncie anataka niache kabisa. Anasema hata wakimtoa maji yote ya mwilini, lile jina halirudi lilikokuwa. Mimi nataka kujua! Halafu sitaki. Nikiona wingu kwenye chupa yake, nitafanya nini na lile wingu? Na nisipoliona — je, nitaamini chupa au nitaamini masikio yangu?

Na Mukamugema! Amepoteza watoto, amebaki na heshima. Mama anao watoto wote, wazima na waliokufa, na heshima ndiyo imemtoka. Ni ugonjwa mmoja au miwili? Nani anajua? Nimemwuliza Adalbert, safari hii hakutania. Alisema nimpeleke tu kwa sindano, au nisimpeleke, lakini niache kuzungukazunguka labo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimevunja chupa mbili leo.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika hapa labo. Adhuhuri. Daktari amekwenda kula, sindano ni akirudi.

Asubuhi nilimleta. Kitambaa kipya, amejipaka mafuta, anasalimia kila mtu. Maswali. Amejibu yote: la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilipofika la tano nilitaka kuliruka — daktari ananifuata kwa kidole kwenye karatasi. Nikaliuliza. Niliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Munyakazi," akasema. Kwa tabasamu!

Daktari akapiga meza. Enfin, hatimaye! Mwanamke wa kwanza! Alama zote, hakuna aliyewahi kuzipata, hata mwanaume. Akaniambia niwaambie wengine waige mfano wa mama yangu. Akafunga uzi mweupe kwa mkono wake mwenyewe kwenye chupa ambayo bado ni tupu.

Nikimwambia kwamba kulitaja ndiyo dalili, nitamfunga mama yangu uzi mwekundu mimi mwenyewe, naye atachomwa kila mwezi kama wale wengine. Nisiposema na maji yakafanya wingu, daktari ataandika kwamba hata wazima wana wingu, na tutatafuta mpaka kesho kutwa bila kuona kilicho mbele yetu. Nikaiweka chupa mahali pake.

Mama akarudi kwenye benchi nje, akawasimulia wamama wenzake alivyoulizwa. Na alivyojibu. Nilisikia kupitia dirisha. Mukamugema, aliyekuja kuangaliwa mgongo, ndiye aliyeinuka kwanza — Mukamugema! Akachukua kikapu chake. Kisha mwingine, kisha wote. Sasa wamesimama ukutani, kwenye jua kali, mikono midomoni. Mama amebaki peke yake kwenye benchi refu, kivulini.

Aliniita.

"Viateur, bale bamama bamehama juu ya nini?"

Nikasema wanaota jua.

"Jua? Saa hii?"

Akawatazama, mmoja mmoja. Niliona uso wake ukitafuta. Kisha mkono wake ukapanda polepole mpaka mdomoni, ukabaki hapo.

"Nilisema nini?"

Hakuna, Mama, nikamwambia. Ulijibu muzuri. Munganga amefurahi.

"Sikukuuliza munganga. Nilisema nini, mwanangu? Useme, nisikie."

Nimekimbilia ndani, najifanya natafuta pamba. Gari la daktari limeingia, nasikia mlango. Mama amesimama, amekuja mpaka dirishani, mkono bado mdomoni. Hanitazami machoni, ananitazama midomo. Anangoja nilitaje lile jina. Mimi ni mjukuu, mimi sikatazwi. Halitoki.