Matone Uliyosema Tusubiri

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

U mzima? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tunapumua kwa rehema za Mungu. Magoti yananisumbua, lakini mdomo bado mzima, kama utakavyoona.

Bonge, mjukuu wetu uliyemcheka mashavu pichani, ametoka hospitali. Mashavu hayapo tena. Aliharisha na kutapika mpaka macho yakadidimia, akawa analia bila machozi. Nilisali mpaka sauti ikakauka.

Sasa nikuambie la moyoni, maana nikilibana litanipasua. Alipokuwa mchanga ulimpigia mama yake simu: "Matone ya bure ya kliniki ya kuzuia kuhara ya nini? Subirini, nikija nitaleta chanjo ya maana." Hukuja. Tulipompeleka, nesi akatikisa kichwa: "Mama, umri wa kuanza matone haya umempita." Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndugu yangu, na la Bonge liliumia kwelikweli.

Ukasema pia kwamba nchi maskini kununua chanjo ya kuhara ni hasara, kwa kuwa maji ya chumvi na sukari ni rahisi. Tulimpa. Akayatapika yote kwenye gauni langu la ibada. Haya, msomi, piga hesabu: cherehani yangu nimeiuza kulipia kitanda na dripu, na mwanangu, baba Bonge, amepoteza kibarua kwa kushinda wodini. Hasara iko wapi?

Nesi hakupamba maneno. Matone hayazuii kila kuhara, alisema, ila ile kali inayojaza wodi ya watoto hupungua sana.

Nasikia juzi umempigia binti yangu aliyejifungua, kwa wimbo uleule: asubiri. Wewe mtu huna haya! La Bonge nimekusamehe kwa sababu Mungu ameamuru, si kwamba umestahili. La kichanga huyu sijui kama ningeweza.

Kwa hiyo Ijumaa nilimbeba mwenyewe mpaka kliniki. Alimeza, akakunja uso kama wewe ukiambiwa ukweli. Na kwa dozi ya pili nitampeleka, simu yako ilie isilie.

Msalimie mkeo na watoto, sina ugomvi nao. Mama Bonge anakusalimu, nimemlazimisha. Mungu akulinde huko uliko, akuongezee masikio.

Ukija, usilete dawa. Lete cherehani.

Dada yako akupendaye, leo kwa shida.