Mkaguzi Akikuuliza Umeanza Lini

Tudor, Mombasa
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Kioko,

Pokea salamu za shangazi yako, na kwanza uniambie: hujambo? Mgongo vipi? Unakula chakula cha moto au bado ni ule mkate mkavu? Sisi huku tu wazima, ila joto la mwezi huu linatumaliza.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Naandika barua kwa sababu kwenye simu nikikasirika huwa nakata, na leo nina hasira, Kioko.

Ati nini? Miaka mitatu unafunga maua katika ghala hilohilo la Uholanzi, na wakala aliyekuajiri bado anakupa mkataba wa wiki kwa wiki! Kila sheria inapokaribia kumlazimisha akuajiri kwa kudumu, anakupumzisha, kisha anakurudisha kama mgeni. Hata kitanda unacholalia ni chake. Akikuachisha kazi jioni, unatoka na begi lako. Sasa mkaguzi wa serikali anakuja, na mnaambiwa mseme nyote mmeanza mwezi uliopita. Hawana haya hata kidogo!

Mimi nilidhani ujanja huo ni wa huku kwetu. Unajua nilifanya kazi ghala la chai, Shimanzi. Usichojua ni hiki. Mwaka wangu wa saba, bado kibarua, afisa wa kazi alikuja. Msimamizi alishatuonya asubuhi tuseme sote ni wageni. Tukapangwa foleni, tukaulizwa swali moja: umeanza lini? Rosebella, tuliyekuwa tukifungasha naye chai meza moja, akajibu, "Miaka sita." Afisa akanigeukia mimi. Nikasema, "Wiki jana. Sote tumeanza wiki jana."

Rosebella alinitazama tu, akavua aproni. Kesho yake hakuitwa langoni, wala hakuitwa tena. Na mimi je? Uongo ule ulinipa miezi minne, kisha nikapumzishwa moja kwa moja. Miezi minne, Kioko!

Usiseme uongo huo. Wala usiseme kweli peke yako. Kaa na wenzako kabla ya siku hiyo, wale Wapolandi na yule Mromania, mkubaliane kila mtu ataje mwezi na mwaka alioanza. Wakikufukuza, chumba cha nyuma ni chako, na shuka nimeshafua. Usione aibu kurudi. Aibu ninayo mimi.

Rosebella anauza viazi karai pale Feri. Miaka yote hii nikienda Likoni hupita upande wa pili ili tusionane. Jana, baada ya ujumbe wako, nilimwendea. Nikamwambia nilikosa, na nikamweleza habari zako.

Mjomba wako Musyoka anakusalimu sana, na Wanza pia, anasema umtumie picha ya maua. Mungu akulinde huko, akupe ulimi usiotetemeka.

Na Rosebella naye ana salamu zake. Alinifungia viazi, akanitazama vilevile kama siku ile, akasema, "Mwambie huyo mtoto asijibu kama wewe."

Akupendaye daima,
Shangazi yako, Mwikali