Jasho la Mkanda wa Zamani

Mutsamudu

Baba,

Kabla jeneza lako halijatoka uani, baba mdogo aliuliza kama kuna anayekudai. Hakuna aliyejitokeza. Mimi, ndani na wanawake, nikashukuru. Sasa naionea aibu shukrani ile. Aliyekuwa anakudai hakujua mwenyewe: Koko Moinaesha, bibi mwenye shamba la majimbi chini ya karakana yako ya uwanja wa ndege.

Baada yako uliletwa mkanda mpya wa kupandishia mizigo kwenye ndege, wa umeme, kwa meli ya mwisho kutoka Moroni kabla kisiwa chetu hakijajitenga. Hauna mafuta ya haidroliki kama wako. Chini yake sakafu ni kavu, unaweza kuswalia. Wako ukasukumwa nyuma.

Unakumbuka nilipokuletea chakula nikakuonyesha tone la mafuta chini ya mkanda wako? Ulicheka. "Hauvuji huo, mwanangu. Unatoa jasho tu." Nami nikawahadithia wenzangu shuleni.

Mvua ziliponyesha, maji ya mtaro unaotoka karakana hadi shambani kwa Koko hayakung'aa tena kwa mafuta. Na majimbi ya Koko, yaliyokuwa yakitoka manjano kila mwaka, yakatoa majani mapana. Akamshukuru Mungu, akanigawia nimpelekee Mama. Nilishindwa kuyala, Baba. Mama akadhani naumwa.

Kukuombea radhi ilikuwa kazi ya Kaka Ali, lakini amekwama Moroni, hakuna boti ya kumleta. Nikaenda mimi, ninayeona haya hata kununua mkate. Nilisimama mlangoni mpaka Koko akasema, "Ingia, au umekuja kushika ukuta usianguke?"

Nikamwambia yote, nikitazama miguu yake.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi miaka yote namshuku wifi yangu kuniroga." Akacheka hadi akafuta machozi. Kisha hakucheka tena. "Baba yako nimemsamehe. Mashine yake, bado."

Sikuweza kumuahidi kitu. Siku hizi umeme wa mji unakatika, mkanda mpya haupati chaji, na ndege ndogo ya dawa ikija wanautoa wako. Tangu niache shule, Fundi Bakari ananiruhusu kuosha vyuma pale karakana. Jana walipouinua, tone likaanguka mbele yetu.

"Jasho tu hilo," akasema Fundi Bakari, kwa sauti yako kabisa.

Nikasema, "Unavuja."

Wote wakanigeukia. Niliona aibu kwa ajili yako, na aibu kwamba nakusema mbele ya watu, lakini nikachukua beseni nikaliweka chini yake.

Kila jioni nitalimwaga kwenye pipa. Sili mpya, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikipatikana, nitajifunza kuifunga mwenyewe. Na siku Koko atakapousamehe mkanda, utasikia katika dua yangu.

Pumzika, Baba. Tone lililobaki ni langu.

Binti yako,
Fauzia